Mama Mkwe Chini ya Bahari

Mama mkwe wangu alikuwa akisali macho wazi. Kanisani kwao Matuu, mchungaji akisema tufumbe macho, vichwa vyote viliinama isipokuwa kimoja. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilidhani amejisahau. Nikamtazama, naye akanitazama, tukabaki sisi wawili tukichunguzana katikati ya kusanyiko zima. Baada ya ibada mke wangu alimwuliza kwa nini hafumbi macho kama watu wengine. "Mungu namjua," akasema. "Ni nyinyi sijui." Kisha akaniuliza mimi nilikuwa nimefumbua yangu kwa kazi gani.

Alikuwa akiuza mahindi na maembe sokoni, na kila alikokwenda alibeba gorogoro lake mwenyewe, ule mkebe ambao huku kwetu ndio mizani ya nafaka. Kila mtu alijua kuna wauzaji wanaogonga kitako cha mkebe kwa nje mpaka kikaingia ndani, mnunuzi apate nafaka pungufu. Wengine walijua wakanunua hivyo hivyo. Yeye akienda kununua maharagwe kwa mwenzake aliuomba mkebe, akaupindua, akapitisha kidole gumba kitakoni polepole kama daktari anayetafuta uvimbe, halafu akaurudisha bila neno na kutoa wake. Wenzake hawakumpenda kwa hilo, lakini hawakumsema, kwa kuwa mkebe wake yeye ulikuwa mzima.

Nyumbani hakuwasha redio jioni, eti sauti ya redio inaficha hatua za mtu. Chai ya kwanza kutoka kwenye birika la mwenzake hakuinywa. Alisubiri mwenye birika anywe. Embe hakulinunua kwa kuliangalia, alilinusa pale kikonyoni, na hata likinukia vizuri alikunja uso, kana kwamba embe zuri kupita kiasi nalo lina lake jambo.

Lakini ukitaka kumweleza mtu huyu kwa neno moja utakosea. Katika soko zima la Matuu alimwamini mfanyabiashara mmoja tu wa mifugo, Msomali mwenye duka la kona, na kwake alikuwa akiacha mkoba, viatu vya kanisani na hata mjukuu, kutwa nzima. Wenzake wa kanisani walinuna. "Huyo akiniibia," akawaambia, "atasimama mbele ya Mungu wake mara tano kwa siku na hiyo mzigo kichwani. Nyinyi mnangoja Jumapili." Na mgeni yeyote aliyepita kwake na njaa alikula. Hakuwahi kumfukuza mtu. Alimpakulia isyo, mahindi na maharagwe, sahani inafurika, akamkalia mbele na kumhoji anatoka wapi, ni wa nani, na kwa nini kwao hawakumpikia. Watu walikula haraka pale.

Mimi nilikuwa mtuhumiwa wake mkuu.

Nilizaliwa Masinga, kando ya lile bwawa kubwa, baba yangu akivua samaki, na nilijua kuogelea wakati vijana wenzangu wakiyaogopa maji kama moto. Ujuzi huo ulinipeleka pwani. Nilipata kazi kwenye kisiwa kimoja kidogo, katika boti inayowatembeza wageni: asubuhi unawaonyesha kisiwa, mchana unawavalisha mitungi ya hewa na kuwapeleka chini wakaone samaki. Bahari ikichafuka, miezi ile ya mvua, nilirudi Machakos mjini, tulikopanga nyumba mimi na mke wangu na watoto wetu wawili. Maisha hayo yalinitosha. Kwa mama mkwe yalikuwa kesi iliyokwisha kuamuliwa. Mume wake mwenyewe alikuwa ameondoka na gunia la vinyago akaenda Mombasa kuuza, na alirudi mara moja tu, kuchukua koti lake.

Sasa, kwetu Wakamba ndoa haijafungwa mpaka mbuzi wa ntheo wachinjwe nyumbani kwa kina mke. Kabla ya hapo mnaweza kuishi pamoja, mkazaa, mkapata mvi, bado wewe ni mtu uliyemchukua binti ya watu, na watoto ni wa kwao. Akitaka kumrudisha binti yake nyumbani anamwita tu, wala huna pa kwenda kulalamika. Niliomba mara nyingi kuwaleta mbuzi hao. Kila mara alikuwa na neno. Mvua haijanyesha. Kaka yake mkubwa anaumwa mgongo. Kuna habari amezisikia, anazichunguza kwanza. Nilikuwa nikilala nikiwaza kwamba siku moja nitarudi kutoka pwani nikute nyumba tupu, na nilijua nikikuta hivyo kijiji chote kitasema ni haki.

Kulikuwa pia na jambo la mkono. Mkamba na mama mkwe wake wanaoneana nthoni, haya ya heshima. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Ukimgusa, hata kwa bahati mbaya, unatoa mbuzi. Mama mkwe wangu alinisalimia kwa mkono. Alinifuata na mkono huo mbele ya watu, akaushika wangu, akautikisa vizuri: "Habari ya safari, mgeni?" Ndivyo alivyomsalimia dereva wa lori la maembe. Sokoni hapakuwa na mtu asiyeelewa maana yake. Nimetukanwa mengi katika maisha yangu, na baharini matusi ni sehemu ya kazi, lakini hakuna kilichoniuma kama salamu ile.

Maswali yake juu ya kazi yangu hayakuisha.

"Unakaa huko chini muda gani?"

"Karibu saa nzima, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama, na mimi nilimwita hivyo apende asipende.

"Saa nzima. Na unapumua nini?"

"Hewa. Iko kwa mtungi."

"Mtungi inajazwa na nani?"

"Mashine."

"Na mashine ni ya nani?"

Hapo nilichoka, nikasema ni ya mwenye boti, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Hata mimi nilianza kumshuku. Nilipokuwa safarini nilihisi anampeleka mtu kunichunguza. Kijana yeyote wa Matuu niliyekutana naye Mombasa nilimwuliza ametumwa na nani, na mmoja wao alikasirika kweli. Ugonjwa wake ulikuwa umenipata.

Ndipo sokoni wakamletea maelezo yaliyomtosha. Kuna mama mmoja aliyewahi kuishi pwani, akawaambia wenzake kwamba hakuna binadamu anayekaa chini ya bahari saa nzima akapanda mzima. Mwanamume wa namna hiyo ana mke huko chini. Jini. Ndiye anayempa pumzi, na ndiye mwenye nyumba. Huku juu amekuja kutembea tu. Mke wangu aliponisimulia nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka.

"Mama anasema anataka kuja kuona," akasema.

"Kuona kisiwa?"

"Kuona huko chini."

Nilikubali kwa hasira. Nilitaka aje aone, asione kitu, akose la kusema mara moja katika maisha yake.

Walikuja yeye na mke wangu, watoto wakaachwa kwa dada. Asubuhi ile hapakuwa na wageni wa kulipa, na nahodha wetu, mzee wa kisiwani mwenye subira nyingi, akasema boti ni yetu. Mama mkwe alipanda akiwa na kikapu. Ndani mlikuwa na isyo kutoka nyumbani na chupa za maji ya Matuu. Nahodha alipomkaribisha chai ya tangawizi alishukuru, akakishika kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, na mzee alipogeuka aliimwaga baharini.

"Hiyo maji yenyu iko na chumvi," akanieleza. "Na mambo mengine."

Kisiwani niliwatembeza kama ninavyowatembeza wageni. Niliwaonyesha kuta za nyumba za kale za mawe ya matumbawe, na makaburi ambayo hakuna ajuaye tena ni ya nani. Niliwapitisha kwenye daraja la mbao juu ya mikoko, kaa wakikimbilia mashimoni mwao. Mke wangu alifurahi sana, akavua viatu, akawa kama msichana. Mama yake hakuangalia ukuta wala kaburi. Alikuwa akiangalia watoto. Kila mtoto aliyepita, yeye alimzungukia kwa pembeni, na mmoja alimwondolea kofia kwa upole kabisa, akamrudishia. Ilinichukua muda kufahamu. Nina masikio makubwa yaliyochomoza. Ya baba yangu ni hayo na ya watoto wangu ni hayo. Alikuwa akitafuta masikio yangu kisiwa kizima.

Hakuyapata. Akahamia kwa akina mama. Alimkuta mmoja akikaanga mahamri barazani kwake, akamsalimia, akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu kijana akiwa huku analala wapi?"

"Huyu Mkamba? Hulala botini, bibi, na hukoroma hata samaki wakahama."

"Na nani anamfulia nguo?"

"Afuliwe na nani? Hebu mwangalie shati lake."

Mke wangu alicheka. Mama mkwe aliliangalia shati langu kwa makini, mbele na nyuma, na nadhani hapo ndipo alipokata tamaa na nchi kavu. "Sawa," akasema. "Kama hayuko huku juu, yuko huko chini. Twende."

Tulitia nanga mahali ninapowapeleka wanaoanza, maji ya kina kifupi, chini mchanga na miamba ya matumbawe, unaiona boti muda wote. Nilimfunza kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye maski, na kutotoka mbio kwenda juu hata iweje. Alisikiliza vizuri kuliko Wazungu wengi. Suti ya mpira aliivaa juu ya gauni lake, na juu ya suti akajifunga leso kiunoni, kwa fundo. Nahodha alisema leso itamsumbua. Akamjibu kwamba imemsumbua tangu aolewe na bado anayo.

"Basi mshike mkono, bibi," nahodha akasema, "msiachane."

"Leta mkono," akaniambia mama mkwe, akanyoosha wake bila kusita. Mke wangu aligeuza uso akatazama upande wa pili. Aliona nilichokiona: hata hapa, ambapo angekuwa na sababu ya kuona haya, hakuona. Tulishuka tumeshikana mikono, mtu na mtu baki.

Nitasema ukweli: chini kule alikuwa hodari. Alipumua taratibu. Samaki wa manjano walimzunguka hakuwatazama. Alipita akiinama kila chini ya mwamba, kila ufa, kila kijipango, akichungulia kwa mpangilio kama anayetafuta mayai ya kuku watorokaji. Kasa mmoja alipita juu yetu, mkubwa, wa kumfanya mtu asahau shida zake, naye alimtupia jicho moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Nilianza kumwonea huruma. Nilimwona amepiga magoti mchangani, mwanamke aliyelima nchi kavu ya Yatta, huko kwao bara, maisha yake yote, akimtafuta chini ya bahari yule mwanamke ambaye kila mtu alimwambia yupo. Sikuwa na uhakika tena kama alikuwa akimtafuta wangu au wa mumewe.

Kwenye pango la mwisho alitia kichwa. Mle ndani anaishi mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mnene kama mkono wangu, mpole asipochokozwa. Alitoa uso, akaachama. Mama mkwe alipiga kelele. Chini ya maji kelele haina sauti, ila inahitaji mdomo, na mdomo wake ulipofunguka kile kifaa cha kupumulia kilimtoka. Akaanza kupiga mikono. Akashika maski yake akaivua, akageukia juu, akasukuma kwa miguu ili apande na pumzi yote imejaa kifuani, na hilo ndilo huua watu. Nilimvuta kwa mkono. Alinipiga. Nilimkumbatia, ndiyo, nilimkumbatia mama mkwe wangu, nikambana, nikamrudishia hewa mdomoni na kuishikilia hapo kwa kiganja mpaka nikaona mapovu yakitoka. Macho yake yalikuwa wazi yakinitazama. Nilikuwa na woga ambao sijawahi kuwa nao baharini, wala haukuwa wa bahari. Tulipanda polepole, nimemshika.

Botini alitapika maji, akakaa. Kisha akainuka, akaenda mbali nami kabisa, mwisho wa boti, akaifungua ile leso iliyolowa akajifunika nayo kichwa, akanipa mgongo. Mke wangu alimwuliza kama yu mzima. Neno lake la pekee alimwambia nahodha, tulipokaribia bandarini.

"Hakuna nyumba huko chini," akasema.

"Alhamdulillahi," nahodha akajibu.

Kuanzia siku hiyo hakunipa mkono tena. Mtu atasema ningepaswa kufurahi. Lakini mwanamke wa umri wake anakuficha uso kwa sababu mbili, kwa heshima au kwa hasira, na kwa jinsi nilivyomjua nilikisia hasira. Nilikuwa nimemwona akiogopa, na alikuwa mtu wa kusamehe mengi ila si hilo. Ntheo hakuitaja. Sokoni ikasemwa kwamba mgeni wa pwani alitaka kumzamisha mama wa watu. Nani aliisema kwanza sikujua, na sitadanganya, nilimshuku yeye.

Msimu uliofuata nilirudi Machakos nikakuta mlango una kufuli. Jirani akaniambia mke wangu ameitwa Matuu kumsaidia mama, kuna maembe mengi, na ameondoka na watoto. Nilisubiri. Maembe yaliisha sokoni, wakabaki huko. Nilipiga simu kwenye kibanda karibu na kwao, nikaambiwa mama hajisikii vizuri, wangoje kidogo. Nilikaa katika nyumba ile yenye viatu vidogo nyuma ya mlango, na niliamini kwamba imekwisha. Halafu kaka mkubwa wa mama mkwe akanitumia ujumbe: nije, na nije peke yangu.

Nilifika mchana. Mjomba huyo alikuwa ameketi kizingitini kwenye kiti cha miguu mitatu, akanionyesha jiwe uani nikae. Watoto walinikimbilia, wakaitwa warudi. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Ndani kulikuwa na giza, na nikatambua kwamba mama mkwe amelala kitandani nyuma ya mlango ule, maana nilimsikia akikohoa. Nilinyanyuka nimsalimie. Mjomba akaniambia nikae.

Akasikiliza kitu kutoka ndani, akanigeukia. "Anasema uko na mbuzi yake."

"Mbuzi gani?"

"Anasema ulimshika. Huko baharini."

Damu ilinipanda. Niliona miaka yote ile, mikono yote aliyonipa mbele ya watu, na sasa hii. "Mwambie alikuwa anakufa."

Mjomba hakuhitaji kumwambia, mama mkwe alikuwa amesikia. "Anasema anajua alikuwa anakufa."

"Basi ningemwacha?"

Upande wa jikoni mke wangu aliacha kuosha sufuria. Kisha mama mkwe akasema mwenyewe, bila kupitia kwa kaka yake, kwa sauti iliyochoka ambayo sikuwa nimeizoea.

"Mgeni akinishika nisikufe, namwambia asante, anaenda zake. Mkwe akinishika, analeta mbuzi. Wewe chagua nikuambie gani."

Mjomba aliangalia chini akachora chora mchanga kwa fimbo, akanipa nafasi. Nilikuwa nalia, na nilishukuru kwamba mlango ulikuwa umefunguliwa nusu tu.

"Nitaleta mbuzi, Mwaitu," nikasema.

"Lete pamoja na ya ntheo, siku moja. Mimi sina nguvu ya kupika mara mbili." Akakohoa, akapumzika, nikadhani amemaliza. "Na usiniletee mgonjwa. Nyinyi watu wa Masinga nawajua. Nitaangalia meno, moja moja."